Mlima Haukulipuka, Uliporomoka

ASUBUHI ya Jumapili, tarehe 3 Desemba, 2023, tope, mawe na magogo viliteremka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, vikaingia Gendabi, Jorodom na mji wa Katesh. Waliopoteza maisha walifikia 89. Nyumba zilizolewa, mifugo ikafa, barabara ikazibwa, na Rais Samia Suluhu Hassan, ambaye siku hiyo alikuwa Dubai katika mkutano wa dunia juu ya mabadiliko ya tabianchi, aliikatiza safari yake akarejea nyumbani.

Hayo yanajulikana, na taifa zima liliomboleza, Bara na Visiwani. Lakini liko jambo jingine lililotokea katika siku zile ambalo halikupewa uzito linaostahili, nalo ndilo tunalotaka kulisema leo. Wakati waokoaji wakichimbua tope kwa majembe na mitambo, uvumi ulienea nchini kwamba volkeno imelipuka Hanang. Uvumi ule ulisafiri kwa kasi kuliko lile tope lenyewe. Ikabidi Serikali itoke hadharani kuukanusha. Wataalamu wa jiolojia walipelekwa, wakaukagua mlima, na jibu lao likatangazwa: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikalemewa, ikameguka, kilichomeguka kikageuka tope, na tope likashika njia ya makorongo kuelekea kwenye makazi ya watu. Hapakuwa na moto, wala lava, wala dalili yoyote ya mlipuko.

Wako watakaouliza: aliyekufa amekufa, yafaa nini kujua kama ameuawa na moto au na tope? Swali hilo tunalikataa, kwa kuwa jina la hatari ndilo linalomwonyesha mtu pa kukimbilia. Lava aghalabu hutambaa. Mtu mzima huweza kuikwepa kwa miguu, ingawa nyumba na shamba lake haviponi. Tope la mlimani halitambai. Hufuata korongo, na anayekimbia kuteremka nalo hufikiwa. Wa kuokoka ni yule anayepanda ubavuni, akaliacha korongo lipite. Majivu nayo yana hukumu yake: mtu hukaa ndani, hufunika maji ya kunywa, na hupanda kulifagia paa lisije likamwangukia. Ama hewa ya sumu, ambayo ni nzito, hutuama mabondeni, na anayejificha shimoni hujizika mwenyewe. Mwananchi wa Masakta ambaye hakufundishwa tofauti hizo ameachwa bila silaha, na aliyemwacha si mlima.

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba anaweza kuona kwamba hii ni kadhia ya watu wa milimani. Visiwa vyetu ni vya mawe ya matumbawe, chokaa na mchanga. Hakuna kasoko Makunduchi wala Micheweni. Hata hivyo, elimu yenyewe ya volkeno imezaliwa visiwani. Jina volkeno limetokana na Vulcano, kisiwa kidogo karibu na Sicilia. Wataalamu walipotaka kuzipambanua namna za milipuko walichukua majina ya visiwa, mmoja baada ya mwingine. Mlipuko wa Hawaii ni wa lava nyepesi inayobubujika na kutiririka mbali. Ule wa Stromboli, kisiwa jirani na Vulcano, ni wa kurusha vipande vya moto mara kwa mara, kama fundi wa chuma anayepiga nyundo. Ule wa Vulcano ni wa mshindo mkali wa lava nzito iliyoziba koo la mlima mpaka likapasuka. Na ule wa Pelée, uliopewa jina la mlima wa kisiwa cha Martinique, ni wa wingu la hewa ya moto na majivu linaloteremka ubavuni kwa kasi ambayo hakuna farasi wala gari la zamani lililoweza kuikimbia. Mlipuko mkubwa kupita yote hayo ndio uliopewa jina la mtu, Pliny wa Roma, aliyeandika habari za kuangamia kwa Pompeii mwaka 79.

Na bahari haikututenga. Mnamo tarehe 27 Agosti, 1883, kisiwa cha Krakatau, kilichoko baina ya Java na Sumatra, kilipasuka na sehemu yake kubwa ikazama. Sauti yake ilisikika hata kisiwa cha Rodrigues, kiasi cha kilomita 4,800 upande huu wa Bahari ya Hindi. Watu wapatao 36,000 walikufa, wengi wao kwa mawimbi. Karibu mwaka mzima baadaye, Julai 1884, mawe mepesi yenye vitundu, yale yaeleayo majini, yalifika ufukweni Zanzibar, na habari zilizoandikwa wakati ule zinasema kwamba pamoja nayo ilikuwamo mifupa ya watu. Basi tusiseme kwamba hatuna hisa katika kadhia hii.

Tena tunao jamaa zetu. Wangazija wamekuwa mashehe, walimu na mafundi katika Mji Mkongwe kwa vizazi, na kwao ni chini ya Karthala, mlima wa meta 2,361 ulio hai mpaka leo. Karthala ni wa umbo la ngao, au tuseme kama ungo uliofudikizwa: mpana, wenye miteremko ya taratibu, uliojengwa na lava nyepesi iliyomwagika tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1977 lava yake iliteketeza kijiji cha Singani. Lakini mwaka 2005 mlima uleule ulibadili tabia. Joto lilikutana na maji chini ya kasoko, mvuke ukalipuka, na majivu yakafunika sehemu kubwa ya kisiwa. Ngazija haina mito ya kudumu, kwa kuwa lava yake ina matundu na humeza mvua. Watu hukinga maji ya paa katika mabirika. Majivu yakaingia mabirikani. Maelfu kwa maelfu ya watu wakajikuta hawana maji safi ya kunywa, ilhali lava haikugusa nyumba hata moja. Huo ndio mfano tunaotaka ofisa wa maafa aukumbuke: madhara hayakuja kwa njia iliyotazamiwa.

Turudi Hanang. Mlima huu una meta 3,417, nao umesimama peke yake juu ya nyanda, hivi kwamba mtu aliyeko Masakta, Endasak au mbali zaidi haupotezi machoni ila siku ya mawingu. Wilaya yenyewe ilikatwa kutoka katika Mbulu ya zamani, na mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002, lakini Wairaqw na Wabarbaig waliujua mlima kabla ya mipaka yote hiyo. Si ungo huu. Huu ni kawa. Ni volkeno ya matabaka: leo ilimwaga lava, kesho ikarusha majivu na vipande vya mawe, kisha lava tena, kwa muda mrefu usiohesabika kwa umri wa wanadamu, kisha ikanyamaza. Hakuna kumbukumbu ya mtu aliyeuona ukiwaka.

Sasa hebu tuutazame mlima wa namna hiyo kwa jicho la fundi mwashi. Safu moja ni jiwe gumu, safu ya pili ni majivu yaliyoshindiliwa. Wakati mlima ulipokuwa hai, mvuke na maji ya moto yalipita ndani yake yakaila miamba hata baadhi yake ikawa laini kama udongo wa mfinyanzi. Mkaazi wa Mji Mkongwe hahitaji kwenda chuo kikuu ili afahamu habari ya ukuta wa mawe na udongo ulioingiwa na maji; nyumba zetu za kale zimekuwa zikimegeka kila masika, na kabla ya kumegeka hufura. Hanang ni ukuta wa aina hiyo wenye urefu wa kilomita na zaidi kutoka nyanda mpaka kilele. Volkeno iliyolala, basi, haikuacha kuwa hatari kwa kulala kwake. Moto wake umezimika, uzito wake ungalipo.

Jambo hili si la Hanang tu. Mlima Meru, wenye meta 4,562, una ubavu mzima wa mashariki uliokosekana: uliporomoka maelfu ya miaka iliyopita, ukatandaza kifusi mpaka mbali, na maziwa ya Momella yanayopendwa na watalii yamekaa katika mabonde ya kifusi hicho. Nchi ya mbali ina mfano ulio karibu zaidi na msiba wetu. Tarehe 30 Oktoba, 1998, mvua za kimbunga Mitch ziliunyeshea mlima Casita huko Nicaragua, volkeno ambayo haikuwa ikilipuka. Ubavu ukameguka, tope likavizoa vijiji viwili, na zaidi ya watu elfu mbili wakafa. Mvua, mlima wa volkeno uliolala, ubavu ulioozeshwa, makazi yaliyokaa kwenye njia ya maji: Hanang ilipoporomoka mwaka 2023, somo hilo lilikuwa limekwisha kuandikwa miaka ishirini na mitano kabla.

Na kuna Armero, mji wa Colombia. Mwezi mmoja kabla ya msiba wake, wataalamu walikuwa wamechora ramani iliyoonyesha mahali ambapo tope la volkeno Nevado del Ruiz lingepita, na Armero ulikuwa ndani yake. Usiku wa tarehe 13 Novemba, 1985, mlipuko mdogo tu uliyeyusha theluji ya kileleni, tope likapita palepale lilipochorwa, na watu zaidi ya 20,000 wakafa wengi wakiwa majumbani mwao. Ramani ilikuwako. Ilikuwa ofisini.

Isidhaniwe kwamba tunaituhumu milima. Nchi yetu imelishwa nayo. Ngano ya Basotu na vitunguu saumu vya Mbulu, ambavyo havikosekani sokoni Darajani, ni matunda ya nchi iliyojengwa na volkeno na Bonde la Ufa. Karibu na Basotu, wilayani Hanang, yamo mashimo ya mviringo ambayo baadhi yamejaa maji yakawa maziwa. Hayakuchimbwa na mtu wala hayakuletwa na mto: magma iliyopanda kutoka chini ilikutana na maji ardhini, mvuke ukafumua ardhi mara moja, ukaacha kombe lenye ukingo wa majivu. Chini ya Hanang, upande wa genge la Bonde la Ufa, liko Ziwa Balangida lenye chumvi. Mtu mmoja anaweza kutembea katika wilaya hii moja akaona kawa, makombe na ufa, yaani nusu ya kitabu cha jiografia, na bado mtoto wa pale akafundishwa volkeno kwa picha ya Fuji.

Tukitanua macho, tunaona mengine. Ngorongoro ni kaldera: mlima uliomwaga kilichokuwa tumboni mwake hata paa likabomokea ndani, likaacha bakuli lenye upana wa kilomita zipatazo 19 na kina cha meta 600. Kilimanjaro ni volkeno tatu zilizoungana, Shira, Mawenzi na Kibo, na mvuke ungali ukitoka katika kasoko la Kibo. Huko Rungwe, mlima Kyejo ulitoa lava karibu na mwaka 1800. Na Ol Doinyo Lengai, ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu, ndio pekee duniani unaotoa lava ya namna yake, yenye joto la nyuzi mia tano na ushei, nusu ya joto la lava ya kawaida. Hutoka nyeusi kama lami, na baada ya siku chache hewa na unyevu huigeuza nyeupe. Asiutazame mtu weupe huo akadhani ni mpole. Ulilipuka kwa nguvu mwaka 1917, 1940, 1966 na 2007, na ule wa 2007 ulitanguliwa na matetemeko ya Julai yaliyosikika mpaka Nairobi.

Lava nayo si ya kudharauliwa popote. Tumesema kwamba aghalabu hutambaa, nasi tulilichagua neno aghalabu kwa makusudi. Tarehe 10 Januari, 1977, ziwa la lava lililokuwa ndani ya Nyiragongo, mashariki ya Kongo, lilipasua ubavu wa mlima likakauka kwa muda usiotimia saa moja, na lava ile, nyepesi kama uji, ilikadiriwa kukimbia hata kilomita 60 kwa saa. Mwaka 2002 iliingia mji wa Goma na zaidi ya watu laki moja wakakosa makazi. Mwaka 2021 ikarudi tena.

Husemwa kwamba haya yote ni kudra. Sisi hatubishani na kudra. Mtoto wa chuoni huhifadhi Suratu Zilzala kabla hajaweza kuandika jina lake vizuri, na hofu ya siku hiyo humkaa moyoni mpaka uzee. Lakini mwalimu yuleyule aliyemhifadhisha sura humfundisha pia kwamba ngamia hufungwa kwanza, ndipo mwenyewe akatawakali. Kujenga katika mkondo wa korongo kisha kuomba lisipite maji ni kumwacha ngamia jangwani.

Sasa tuseme na wakubwa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2015 na Kamisheni yake ya Kukabiliana na Maafa. Wataalamu wa jiolojia wako Dodoma, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kutahadharisha mapema kwamba vuli ya 2023 ingekuwa na mvua kupita kiasi. Waliookoka wamejengewa nyumba mpya, zaidi ya mia moja, mbali na njia ya tope, na kwa hilo Serikali inastahili pongezi bila kigugumizi. Kasoro tunayoiona ni kwamba elimu haiteremki mlimani kwa kasi ya tope. Hukaa katika ripoti, ripoti hukaa katika kabati, na kwa kawaida lugha yake si ile anayoisoma mwenyekiti wa kitongoji.

Chama chetu kimejijenga juu ya mashina, na balozi wa shina anawajua watu wake kwa majina na anajua kila nyumba iliyo kando ya korongo. Iweje awe hodari wa kuhesabu wanachama wakati wa uchaguzi, kisha asikabidhiwe karatasi moja yenye ramani ya mikondo ya tope katika kijiji chake? Karatasi hiyo na ichorwe, iandikwe kwa Kiswahili, itumie majina ya makorongo kama wenyeji wayaitavyo, nayo ibandikwe ukutani pa ofisi ya kata, shuleni, msikitini na kanisani. Ianzie Gendabi na Jorodom walikozikwa watu, ifike Masakta na kata zote ambazo maji ya mlima hupita. Wazee wa Kibarbaig na wa Kiiraqw waulizwe kwanza. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wamepanda mlima ule maisha yake yote ndiye atakayeona ufa mpya kabla ya ndege yoyote ya kupiga picha. Na anayetoa kiwanja katika mkondo wa maji aulizwe kwa jina lake, awe mwenyekiti au ofisa ardhi. Hapa hatutaki lugha ya kulaumu hali ya hewa peke yake.

Gazeti nalo lina dhima yake, hatujitoi. Mji wa Saint-Pierre, kisiwani Martinique, ulikuwa na gazeti mwaka 1902. Pelée ilipoanza kutoa moshi na majivu, na uchaguzi ukiwa siku chache mbele, gazeti lile lilishika kazi ya kuwatuliza watu, na gavana naye akaja mjini kuonyesha kwamba hakuna la kuhofu. Asubuhi ya tarehe 8 Mei wingu la moto liliufikia mji kwa dakika chache. Walikufa watu wapatao 28,000, gavana na mkewe wakiwa miongoni mwao. Katika visiwa hivyohivyo vya Karibi, mwaka 2021, serikali ya Saint Vincent iliamuru watu wahame siku moja kabla ya La Soufrière kulipuka. Maelfu walihama. Hakuna aliyeuawa na mlipuko.

Vuli huanza Oktoba. Kamati za maafa za wilaya ya Hanang na ya Mbulu zinao muda wa kuyakagua makorongo wakati ardhi ingali kavu, na Dodoma inao muda wa kupeleka mtaalamu mmoja aketi nao siku tatu. Tutauliza mwezi huo umefanyika mkutano gani, na ramani imebandikwa wapi.